Laini ya Hadado: Mtungi Usiovimba

Wiki jana tulimwacha Kasyoka dereva amepiga magoti mchangani, mikono kichwani, mtutu wa bunduki umemkaa kisogoni kama nzi aliyepata kidonda. Wapo waliomwombea dua wiki nzima. Wapo waliosema afe tu, anaongea mno. Basi sogeeni karibu, maana bunduki haingoji mtu amalize chai.

"Dereva ni wewe?" Alio, mkubwa wa majambazi, aliuliza. Alikuwa mrefu, kilemba chekundu kimemfunika uso wote isipokuwa macho.

"Mimi ni dereva, ni fundi, na Jumapili ni mhubiri," Kasyoka alijibu. "Unamtaka nani kati yao?"

Kitako cha bunduki kilimshukia sikioni. Damu ikachuruzika hadi kwenye kola ya shati.

Deeqa aliyaona yote akiwa kifudifudi, shavu kwenye mchanga wa moto. Basi lilikuwa lake. Laini ilikuwa yake. Na kosa pia lilikuwa lake: gari la askari wa kuwasindikiza lilipopata pancha mbili kwa mpigo huko nyuma, ni yeye aliyesema, "Twendeni, jua halitungoji." Sasa walikuwa ndani ya laga, mto usiojua maji ila siku ya mafuriko, kilomita ishirini na tano kabla ya Modika, mlango wa Garissa, ambako akina mama walikuwa wakiwangoja kwa shangwe. Shina la mgunga limelazwa mbele ya basi. Wanaume watatu wenye bunduki wamewasimamia.

Na huyu mwanamke hakuwa mgeni wa barabara hii. Miaka minane ilikuwa imepita bila basi kuthubutu kutoka Garissa kwenda Hadado. La mwisho lilichomwa, na aliyekuwa usukani ni Nuh, mume wa Deeqa. Nuh hakufa kwa moto. Alitoka na risasi mguuni, akajikokota hadi ukingoni mwa barabara, na malori matatu yakampita. Yote ya Bare, tajiri wa Garissa. Nuh alivuja damu hadi mwisho huku akitazama vumbi lao. Tangu hapo, anayetaka kwenda Hadado hupanda juu ya mizigo ya malori ya Bare, kwa bei ya Bare, na akianguka njiani ni shauri lake na Mola wake.

Deeqa alinunua basi kuukuu, akalifufua bati kwa bati, akaenda kugonga mlango wa kamati ya usalama. Wakampa sharti moja. Safari tatu, kwenda na kurudi. Kila aliyepanda ashuke akiwa hai. Maiti moja tu, na laini inazikwa pamoja nayo.

Mbili zilikwisha salama. Hii ilikuwa ya tatu, na walikuwa wanarudi.

"Muueni dereva," Alio aliwaambia wenzake. "Mmoja anatosha."

Deeqa alihisi maneno hayo yakimwingia kama sindano. Mmoja anatosha! Jambazi gani anayehesabu hivyo? Jambazi hutaka simu, hutaka mikufu. Huyu alitaka maiti, tena moja tu.

Hapo ndipo Osob aliponyanyuka.

Osob alikuwa mkubwa wa akina mama wa maziwa, mkavu kama ukuni, ulimi kama wembe. Kwa ajili yake na wenzake Deeqa aling'oa safu tatu za viti vya nyuma, mitungi yao ya plastiki ya maziwa ya ngamia ipate pa kukaa.

"Lala chini, bibi!" Alio alifoka.

"Nilale nini? Mimi nimezaa kumi na moja. Hiyo bunduki yako nilikuwa naitumia kufukuzia kuku." Alikuwa ameshaukokota mtungi mmoja kati ya ile waliyoitupa nje. "Mtoto wangu, sauti yako imekauka kama ngozi ya ngoma. Ua mtu wako, sawa. Lakini usiue na kiu, ni mkosi. Shika, kunywa kwanza."

Wenzake wakacheka. Alio naye akacheka, lakini koo lilimsaliti, lilipanda likashuka. Akatundika bunduki begani, akaupokea mtungi.

Sasa, maziwa ya ngamia yaliyotikiswa kutwa kwenye jua la huku si maziwa tena, ni mnyama. Yanachacha, yanavuta pumzi, na mtungi unavimba kama mbuzi aliyevamia gunia la mahindi. Mtoto wa miaka mitano wa Hadado anajua: zungusha kizibo robo, acha upumue, ngoja, zungusha tena. Polepole, kama unayemvua nyanya yako kiatu.

Alio alishusha kilemba kidevuni, akainamisha uso, akakizungusha kizibo chote kwa mara moja.

Mtungi ulilipuka kwa mlio. Kizibo kilimpata chini ya jicho, na maziwa machachu yakamfuata usoni kama kofi la jini. Akapiga ukelele, mikono machoni.

Kasyoka hakungoja mwaliko. Aliuvamia mguu wa Alio, wakabingirika mchangani. Deeqa hakumbuki aliinukaje. Anakumbuka tu spana ya magurudumu ikiwa mkononi mwake, na kifundo cha mkono cha jambazi wa pili kikivunjika kama kijiti kikavu. Bunduki ikaanguka. Wa tatu akafyatua ovyo. Vioo vya basi vikamwagika, mitungi ikatoboka, maziwa yakaruka juu.

"Mpigeni mtoto wa shetani huyo!" Osob alibweka.

Akina mama wa maziwa wakamwangukia. Shuka kichwani, mawe mbavuni, na mtungi wa lita ishirini gotini. Akalia akimwita mama yake, akatoka mbio kwa mguu mmoja, bunduki ikiburuzika nyuma yake.

Katikati ya vumbi, bunduki ya Alio ililia mara moja. Pah!

Kasyoka akamwachia. Akajishika ubavu, akatazama kiganja chake, kisha akamtazama Deeqa kama mtu aliyekutwa na doa kwenye shati jipya.

"Bandeni! Bandeni!" Hamze alipiga kelele mlangoni. Hamze alikuwa makanga wa basi na mdogo wake marehemu Nuh. Alikuwa akiwasukuma watu ndani wawili wawili. "Hii basi habana ngoja mtu!"

Walimbeba Kasyoka mikononi. Deeqa akaruka kwenye usukani. Nuh ndiye aliyemfundisha kuendesha, mwaka wa ndoa yao, kwa lori la mchanga na matusi mengi. Akalizungusha basi pembeni mwa lile shina, magurudumu yakachimba, yakakwama, yakakohoa, yakatoka. Risasi mbili zikagonga bati la nyuma. Wakapanda ukingo wa laga.

"Hamze! Hesabu!"

"Thelathini na mbili! Wote wako!"

"Hamze," Kasyoka alinong'ona kutoka kiti cha mbele, jasho limemjaa usoni. Kisha akaibadili sauti, akaichukua ya Hamze yenyewe, puani na kooni, p ikigeuka b, kama alivyomtania kila siku tangu laini ifunguliwe: "Hii basi habana ngoja mtu! Hata kama dereva nakufa!"

Basi zima likacheka, wengine huku wakilia. Ungefumba macho ungeapa ni Hamze mwenyewe.

Gatwiri, muuguzi wa kituo cha afya cha Hadado aliyekuwa akienda kwao likizo, alikuwa ameshapiga magoti na mtandio wa mtu. Alibonyeza ubavu wa Kasyoka, mtandio ukalowa. Akaomba mwingine.

"Atafika?" Deeqa aliuliza bila kugeuka.

"Akinyamaza, labda."

"Basi amekufa," alisema Osob. "Huyo kunyamaza hawezi."

"Kasyoka, sikia," Deeqa alisema. "Kila aliyepanda ashuke akiwa hai. Ukinifia leo nitakuua. Leo ni Jumatatu. Kufa Alhamisi."

Kasyoka alifikiria. "Alhamisi," akasema, "nitaangalia kama nina nafasi."

Saa kumi na moja kasorobo. Kwenye kioo cha pembeni Deeqa aliona nukta mbili zikitimua vumbi. Pikipiki.

Osob alikuja akishikilia viti, akasimama nyuma yake. "Deeqa, wale si watu wa msituni."

"Nimejua, eeddo," Deeqa alijibu, kama anavyojibiwa shangazi.

"Umejuaje?"

"Walitaka maiti moja tu."

"Mimi nimejua kwa kizibo. Mtu wa ngamia hafungui mtungi vile. Yule amelelewa kwenye soda." Akateremsha sauti. "Mtu wa mji. Ametumwa. Na nani alimwambia kwamba leo hatuna askari?"

Hilo lilimchoma Deeqa. Pancha ilitokea mbali, jangwa tupu. Mbali na askari wenyewe, walioijua ni waliokuwa humu ndani. Aliangalia kioo cha juu, nyuso thelathini zikimtazama. Mmoja wao alikuwa ameinua simu akawauza kama mbuzi.

Alimfikiria Gatwiri. Mtu wa bara, hana wa kumtetea huku, kumlaumu ni rahisi. Kisha akaona mikono ya Gatwiri, nyekundu hadi kwenye viwiko, akaona aibu.

"Nenda ukaipumzishe mitungi, eeddo," akasema. "Isije ikalipuka yote humu."

Osob akarudi nyuma. Alipita mtungi kwa mtungi, robo ya kizibo, fssss, robo ya kizibo, fssss. Kila mwanamke alikuwa na kitambaa cha rangi yake kilichofungwa mkononi mwa mtungi, apate kuijua mali yake sokoni Garissa. Nyekundu ya Sadiyo. Manjano ya Hamda. Kanga iliyochakaa ya Abshiro.

Akafika kwenye mmoja wa pembeni kabisa. Akazungusha robo.

Kimya.

"Deeqa," aliita. Deeqa hakuwahi kuisikia sauti ya Osob ikitetemeka. "Huku kuna mtungi mmoja. Kutwa nzima juani, na haujavimba."

"Rangi gani?"

"Kipande cha macawis. Kijani na mistari myeusi."

Usukani ulimteleza mikononi. Macawis ya kijani yenye mistari myeusi, kikoi cha kiume, ilikuwa ya Nuh. Nguo zake ziligawanywa baada ya arobaini, na ile macawis ilichukuliwa na mtu mmoja tu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakujua kuna siku nguo yenyewe itafungwa mtungini.

"Hamze," alisema. "Njoo hapa mbele."

Hamze alikuja. Uso wake ulikuwa umeshajibu.

"Mtungi wa nani ule?"

"Samli, abaayo, dada yangu. Samli tu. Samli haivimbi."

"Nimeuliza wa nani."

"Wa Bare."

Akina mama wote wakamgeukia.

"Alisema ni zawadi ya wageni wa Modika," Hamze alisema haraka haraka. "Niufunge alama yangu, nikae nao, tukifika nimpigie simu. Basi. Wallahi basi! Amenipa kazi ya lori, abaayo. Lori langu mwenyewe. Wewe ulinipa nini? Ulinikataa mbele ya wazee, nikawa kichekesho. Mke wa kaka yangu, haki yangu kumrithi, na wewe ukachagua basi!"

"Na ile pancha? Ulimwambia?"

"Aliuliza tumefika wapi. Nikamwambia. Mtu akiuliza hajibiwi?"

Osob alikuwa ameshaugonga mtungi kwa ufunguo wake wa nyumba. Ulitoa sauti nzito ya kitu kigumu. "Samli kwenye jua hili ni maji," alisema. "Hii haichezi. Hamze, mtoto wa watu, hii si samli."

Tazama jinsi mtu anavyoelewa. Kwanza macho, kisha midomo. Hamze aliutazama ule mtungi upya. Angeukalia ule mtungi hadi Modika, katikati ya akina mama wanaopiga vigelegele, kisha angempigia Bare simu kumwambia tayari.

"Mimi pia?" aliuliza kwa sauti ya mtoto. "Bare angeniua mimi pia?"

"Wewe ulikuwa kizibo tu," Kasyoka alisema.

Bare alikuwa ametega mara mbili: Alio akishindwa, mtungi umalize. Deeqa alitazama mbele. Kilomita nne. Alitazama nyuma. Pikipiki zilikuwa zimekaribia hata aliona kilemba chekundu. Akisimama, Alio atawafikia. Akiendelea, Modika inaangamia. Na kuutupa kando ya basi ni kujilipua wenyewe.

Hamze alimtupia simu yake mapajani. Akaenda nyuma, akaukumbatia ule mtungi kifuani, akarudi nao mlangoni hatua kwa hatua. Watu wakampisha.

"Punguza mwendo," alisema.

"Hamze! Basi langu halimwachi mtu barabarani. Unajua ni kwa nini!"

"Hujaniacha, abaayo. Mimi nimeshuka."

Akaruka.

Aliangukia magoti, akayumba, hakuuachilia. Kwenye kioo Deeqa alimwona akikimbilia vichakani, mtungi kifuani kama baba aliyebeba mtoto mgonjwa. Pikipiki zikasita, zikageuka, zikamfuata.

Na simu mapajani mwa Deeqa ikaanza kulia.

Bare.

"Usipokee!" Gatwiri alisema.

"Nisipopokea atajua, ataulipua mtungi. Nikipokea atasikia mwanamke. Hamze bado hajaenda mbali." Deeqa akaichukua, akanyoosha mkono pembeni. "Kasyoka. Umemtania mtoto wa watu mwezi mzima. Leo mtanie kwa maana."

Kasyoka alijaribu kukaa wima, damu ikamtoka kinywani kidogo. Akaifuta. Miaka ishirini Garissa, alikijua Kisomali kama alivyoijua gereji yake. Akapokea kwa spika.

"Haye, adeer," alisema, kama anayemwitikia ami yake, na basi zima likasisimka, maana aliyeongea alikuwa Hamze.

"Mko wapi?" Sauti ya Bare ilijaa, laini kama mafuta. "Nimesikia mmepata matatizo."

"Kidogo, adeer. Tumekwama mchangani. Bado hatujafika."

"Sauti yako ina nini?"

"Vumbi."

Deeqa alisikia kelele za watu nyuma ya Bare. Alikuwa pale pale Modika.

"Hamze," Bare alisema taratibu, "nihesabie baba zako."

Kasyoka alimgeukia Deeqa, macho yamemtoka. Mtu wa Mwingi, baba yake Mutua, babu yake Kilonzo. Hao wa Hamze atawajulia wapi?

Lakini mke anayajua majina ya nyumba aliyoolewa. Nuh alimkaririsha siku ya saba ya ndoa. Deeqa akainama hadi sikioni, jicho moja barabarani, akanong'ona.

"Hamze," Kasyoka alisema. "Maalim. Abdikafi."

"Endelea."

"Guhad. Warsame." Pumzi ilimkatika. Gatwiri akambonyeza ubavu kwa mikono miwili. "Roble."

"Baba yake Roble?"

Deeqa akanong'ona. Midomo ya Kasyoka ikacheza, neno halikutoka. Kichwa kikamwangukia begani. Mara ya pili akanong'ona, na machozi yake yakadondoka kwenye shingo ya yule mwanamume.

"Samatar," Kasyoka alisema, kama anayetema jiwe.

Bare akasema: "Sawa, mtoto wangu. Mkifika kwenye watu, piga."

Simu ikakatika. Kasyoka akafumba macho.

"Kasyoka?" Gatwiri alisema. "Kasyoka!"

Modika ilikuwa mbele yao.

Vigelegele vilianza kabla basi halijasimama. Akina mama kwa mamia, matawi mikononi, watoto juu ya mabega. Karibu na kizuizi cha polisi alisimama Gitau, karani wa kamati ya usalama, mtu wa Nyeri mwenye daftari kubwa na uso wa jiwe. Na kando, mbali na wote, kanzu imepigwa pasi, akiegemea Land Cruiser nyeupe, Bare.

Deeqa alimwona Bare akiliona basi. Alimwona akishangaa. Aliambiwa limekwama, na hili hapa.

Gitau alipanda. Aliona matundu, aliona vioo, aliona damu na maziwa vikitiririka pamoja kwenye ngazi. Aliwaelekeza watu washuke mmoja mmoja mbele ya kalamu yake.

"Waliopanda thelathini na mbili," alisema. "Huyu dereva amekufa?"

"Amelala," Deeqa alisema.

"Mama, mimi nimeona watu waliolala." Gitau akaleta kalamu kwenye daftari.

Jicho moja la Kasyoka likafunguka. "Wacha kuandika, wee," alisema. "Mimi nimepangiwa Alhamisi."

Mwaka mzima hakuna aliyekuwa amemwona Gitau akicheka. Alicheka. Wakamshusha Kasyoka kwa machela, Gatwiri akining'inia ubavuni mwake, na watu wakapiga vigelegele hadi kunguru wakahama.

"Thelathini na moja," Gitau alisema, kicheko kimemkauka. "Makanga yuko wapi?"

Deeqa alikuwa anamtazama Bare.

Bare hakungoja simu ya Hamze tena. Alikuwa ametoa simu nyingine, ndogo, ya vibonyezo. Aliliangalia basi lililozungukwa na umati. Akarudi nyuma ya Land Cruiser yake, kidole kwenye kibonyezo. Kisha yule tajiri, na kanzu yake nyeupe, akalala chini mchangani na kujifunika kichwa kwa mikono.

Hakuna mtu mwingine aliyelala. Walale kwa nini? Watu walikuwa wanaimba.

Hesabu moja. Mbili.

Mbali huko vichakani, ardhi ilikohoa. Moshi mweusi ukapanda juu ya migunga. Ndipo watu elfu moja wakajitupa chini kwa pamoja, wakitoa shahada.

Mtu mmoja alibaki amesimama. Osob. Alikuwa amemnyooshea Bare kidole.

"Muulizeni yule!" alipaza sauti. "Sisi tumelala baada ya mlio. Yeye alilala kabla! Nani alimwambia?"

Vichwa vikageuka kimoja kimoja. Bare alikuwa bado chini, simu ndogo mkononi, kanzu imejaa mchanga, akilitazama basi zima zima ambalo halikulipuka. Alipoinuka kukimbia, wanawake wa maziwa walimfikia kabla ya polisi, na nguo aliyopelekwa nayo garini haikuwa kanzu tena.

Ushindi, msomaji? Usikunje mguu bado.

Simu ya Hamze ililia mkononi mwa Deeqa, aliyekuwa bado kwenye usukani. Namba asiyoijua.

"Mama wa basi," sauti ilisema, nzito, yenye maumivu. "Macho yangu yanawaka. Angalia nyuma yako."

Deeqa aliangalia kioo. Nusu kilomita nyuma, katikati ya lami, pikipiki mbili. Kati yao mtu amepiga magoti, shati limeungua mgongoni, mikono imefungwa kwa kilemba chekundu. Alikuwa hai. Alikuwa Hamze.

"Mleteni Bare hapa," Alio alisema. "La sivyo, hesabu yenu inapungua mtu mmoja. Na sote tunajua mmoja anatosha."

Gitau, akiwa ngazini mwa basi, alikuwa amesikia. Kalamu yake ilisimama hewani juu ya daftari. "Mama Deeqa, zima injini. Hii ni kazi ya askari. Wakifika kutoka mjini, kwa utaratibu..."

"Watafika lini?"

Gitau akatazama saa yake.

Kule nyuma Hamze hakuwa akiomba. Hakuinua hata kichwa. Alikuwa anatazama vumbi, kama mtu anayejua tayari kwamba magari yatampita. Yule aliyemuuza. Yule aliyebeba mtungi kifuani.

Na Deeqa alimwona Nuh. Malori matatu.

"Eeddo, shuka," alisema.

"Nishukeje?" Osob alikuwa amesharudi ndani, ameketi kiti cha makanga. Mapajani mwake ulikuwa mtungi wa mwisho, umevimba hata maandishi yake yamenyooka, na kidole gumba chake kilikuwa kwenye kizibo. "Huu nilisahau kuupumzisha."

Deeqa alikanyaga klachi. Gitau akaruka chini, daftari likaanguka, kurasa zikafunguka upepo ukazichukua.

Basi la Hadado likatiwa gia ya nyuma.